Kerneli Imesasishwa, Mwanya Bado Upo: Kutafuta Hitilafu kwenye Seva za Linux

Taarifa ya mwanya mpya wa kiusalama kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, imetoka. Fundi ameingia kwenye seva, amepiga `apt update` na `apt upgrade`, maandishi yamepita bila kosa. Wiki inayofuata mkaguzi anapitisha skana yake na seva ileile inatoka nyekundu. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kiraka kipo kwenye diski, ila mashine bado inaendeshwa na kerneli ya zamani.

Kabla kiraka cha kerneli hakijakulinda, lazima kionekane kwenye hazina ya vifurushi, kishushwe, kiingie `/boot`, kichaguliwe mashine inapowaka, kisha kiwe ndicho kinachoendesha mashine. Kinaweza kukwama popote hapo. Anza na amri hizi, na uhifadhi majibu yake kabla hujagusa kitu:

```
uname -r
uname -v
uptime
ls -lt /boot
df -h /boot
cat /proc/cmdline
```

Mwongozo huu unahusu Debian, Ubuntu, AlmaLinux na Rocky, ambazo ndizo utakazozikuta kwenye SACCOS, shule, zahanati na ofisi nyingi za Dodoma na wilaya zake.

Kerneli mpya ipo `/boot`, lakini `uname -r` inaonyesha ya zamani

Kerneli hupakiwa kwenye RAM mara moja tu, mashine inapowaka. Kubadilisha faili lake kwenye diski hakuigusi ile inayofanya kazi. Kwa hiyo `uptime` ya siku mia nne, ambayo mafundi wengine huipiga picha na kuiweka status, maana yake ni siku mia nne bila kiraka hata kimoja cha kerneli, labda kama seva ina huduma ya viraka hai, vinavyoingia bila kuwasha upya. Kwenye Ubuntu angalia kama faili `/var/run/reboot-required` lipo; jirani yake `reboot-required.pkgs` linataja vifurushi vinavyodai kuwasha upya. Kwenye AlmaLinux na Rocky piga `dnf needs-restarting -r`.

Kama umeshawasha upya na bado inakuja ya zamani, tatizo liko kwenye GRUB, programu inayochagua kerneli mashine inapowaka. Fungua `/etc/default/grub` utazame mstari wa `GRUB_DEFAULT`. Ukikuta kitu kama `"1>2"`, kuna mtu aliwahi kulazimisha kerneli fulani, pengine kwa sababu draiva iligoma, akasahau kurudisha. Weka `0`, kisha `update-grub`. Upande wa AlmaLinux, `grubby --default-kernel` itakuambia iliyochaguliwa, na `/etc/sysconfig/kernel` inapaswa kuwa na `UPDATEDEFAULT=yes`.

Halafu kuna mtego wa Debian ambao huwapata hata wazoefu. `uname -r` huonyesha jina la kerneli, wala si toleo lake halisi. Mwanya wa Dirty Pipe, CVE-2022-0847 (CVE ni namba ya kuutambulisha mwanya), uliotangazwa Machi 2022, ulizibwa kwenye Debian 11 kwa toleo 5.10.92-2. Lakini 5.10.92-1, lenye mwanya, na 5.10.92-2, lililozibwa, yote mawili yalijiita `5.10.0-11-amd64`. Aliyetazama `uname -r` pekee asingeona tofauti yoyote. Toleo halisi linakaa kwenye `uname -v`, baada ya neno Debian. Lilinganishe na `dpkg -l 'linux-image*'`: yakitofautiana, washa upya.

Kusasisha hakuleti kerneli mpya kabisa

Tazama maneno ya apt kwa makini. Ikisema `The following packages have been kept back` na kutaja `linux-image-generic` au `linux-image-amd64`, huenda umetumia `apt-get upgrade`. Amri hiyo haiweki kifurushi chenye jina jipya, na kerneli mpya kwa kawaida huja na jina jipya. Tumia `apt full-upgrade`, na usome orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. Ikikataa bado, piga `apt-mark showhold`. Kilichofungwa fungua kwa `apt-mark unhold`. Kwenye AlmaLinux mkosaji ni mstari wa `exclude=kernel*` ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf`.

Kama apt haisemi lolote kuhusu kerneli, hakikisha kifurushi mama kipo: `dpkg -l linux-image-amd64` kwa Debian, `linux-image-generic` kwa Ubuntu. Kuna mafundi hukiondoa wakitafuta nafasi, wakabaki na kerneli moja yenye namba kamili. Bila kifurushi mama, seva itasasisha vitu vyote miaka nenda rudi isipokuwa kerneli.

Saa ya mashine nayo huleta vurugu, hasa palipo na umeme wa kukatika. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka kadhaa nyuma, na apt inakataa ikisema `Release file is not valid yet`. Wengine huhangaika na intaneti siku nzima wakati tatizo ni betri ya bei ya soda. Ipime kwa multimita: mpya hutoa zaidi kidogo ya volti 3, ikishuka chini ya 2.8 weka nyingine. Kisha:

```
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
timedatectl set-ntp true
hwclock --systohc
```

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji wenyewe, apt itasema `dpkg was interrupted`. Tiba ni `dpkg --configure -a`, kisha `apt -f install`, na usiwashe upya kabla zote mbili hazijamaliza bila kosa. Mashine inaweza kuwa na kerneli nusu.

La mwisho hapa halina ujanja: mfumo wenyewe umeachwa. CentOS 7 ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024, Ubuntu 18.04 mwezi Mei 2023 kwa huduma ya kawaida, na 20.04 mwezi Mei 2025. `Could not resolve host: mirrorlist.centos.org` si tatizo la DNS yako. Kuelekeza yum kwenye kumbukumbu za vault kutaondoa kosa na kukupa vifurushi vilevile vya zamani, bila kiraka kipya hata kimoja. Panga kuhama.

`/boot` imejaa

Ukiona `No space left on device` wakati wa `update-initramfs`, ilhali `df -h` inaonyesha diski kuu ina nafasi tele, `/boot` ina kizigeu chake na kimejaa. Kizigeu cha megabaiti 512 hujaa kwa kerneli tatu au nne, kwani faili la initrd (mfumo mdogo wa kuanzia unaopakiwa pamoja na kerneli) peke yake laweza kuzidi megabaiti 100.

Jaribu kwanza `apt autoremove --purge`. Ikigoma kwa sababu apt imekwama katikati, hamisha initrd ya kerneli kongwe kabisa. Usiiguse ile ya `uname -r`.

```
mv /boot/initrd.img-TOLEO-KONGWE /root/
apt -f install
apt autoremove --purge
```

Kama hali inajirudia kila mwezi, badilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep` ndani ya `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`, kisha `update-initramfs -u`. Initrd itapungua sana, kwa gharama moja: ina draiva za mashine hiyo tu. Siku ubao mama ukiungua kwa radi na ukaihamisha diski kwenye mashine nyingine, huenda isiwake. Kwa ofisi isiyo na seva ya akiba ni bora kuvumilia kufuta kerneli za zamani.

Seva haiwaki baada ya kiraka

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` mara nyingi ni initrd iliyokosekana, na mara nyingi zaidi imekosekana kwa sababu ya `/boot` iliyojaa. Kwenye menyu ya GRUB ingia Advanced options, chagua kerneli ya awali, kisha:

```
update-initramfs -c -k TOLEO-JIPYA
update-grub
```

Seva ikiwaka lakini bila mtandao, tafuta draiva iliyojengwa nje ya kerneli. Kadi za Realtek zinazotumia `r8168`, na baadhi ya kadi za Wi-Fi, hutegemea DKMS, zana inayoijenga upya draiva kwa kila kerneli, na DKMS inahitaji vichwa (headers) vya kerneli mpya. Hili ni la kukagua kabla ya kuwasha upya: `dkms status` itaje toleo jipya na neno `installed`. Kama halipo, sakinisha `linux-headers-amd64` au `linux-headers-generic`. Umeshachelewa na seva haina mtandao? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa tethering, tafuta kiolesura kipya kwa `ip link` (huwa `usb0` au jina linaloanza na `enx`), ombea anwani kwa `dhclient`, kisha shusha vichwa kwa bando.

Moduli ikikataa kupakiwa kwa maneno `Key was rejected by service`, Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi, imewashwa na moduli haijatiwa sahihi inayotambulika. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Unasajili ufunguo kwa `mokutil --import`, unaweka nywila ya muda, na mashine ikiwaka inaleta skrini ya buluu inayoiuliza. Skrini hiyo inataka mtu kwenye kibodi. Ukiwa Dodoma mjini na seva iko Kondoa, hakikisha kuna mtu pale kabla ya kuanza, na umsomee hatua kwa simu, maana skrini hiyo haisubiri muda mrefu.

Kuwasha upya seva ya mbali kuna namna yake ya usalama. Weka `GRUB_DEFAULT=saved`, fanya kerneli ya zamani iliyothibitika kuwa chaguo la kudumu kwa `grub-set-default`, kisha tumia `grub-reboot` kuijaribu mpya mara moja tu. Ongeza `panic=30` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX` na upige `update-grub`. Kerneli mpya ikianguka, mashine inasubiri sekunde 30, inajiwasha, inarudi kwenye ya zamani. Kwenye Debian na Ubuntu hata initrd inaiheshimu `panic=`: badala ya kukutupa kwenye ganda dogo la `(initramfs)`, inawasha upya.

Ujanja huu una tundu mbili. GRUB lazima iweze kuandika kwenye faili la `grubenv`. `/boot` ikiwa ndani ya LVM au RAID ya programu haiwezi, na utaona `diskfilter writes are not supported`. Hapo chaguo la mara moja halifutiki na mashine itazunguka kwenye kerneli mbovu. La pili, `panic=` haijui kitu kuhusu mtandao. Kerneli ikiwaka vizuri lakini kadi ya mtandao imekufa, hakuna kuanguka. Weka skripti ya systemd inayosubiri dakika kumi, inajaribu kupiga `ping` kwenye geti la mtandao, na ikishindwa inawasha upya, kwa sharti moja: `uname -r` iwe ile mpya. Bila sharti hilo, siku ruta itakapozimwa seva itajiwasha upya mpaka alfajiri.

Ukishaingia na kila huduma iko sawa, kumbuka kuifanya mpya kuwa ya kudumu. Wengi huishia kwenye furaha ya kuiona imewaka. Umeme unakatika wiki mbili baadaye, na seva inarudi kimya kimya kwenye kerneli yenye mwanya.

Seva inajiwasha upya saa za kazi

Kwenye `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades` kuna `Automatic-Reboot-Time`. Fundi akitaka saa nane usiku, mkono unaandika `"08:00"`, na saa mbili asubuhi wahasibu wakiwa ndiyo wanafungua mfumo, seva inazima. Saa nane usiku huandikwa `"02:00"`. Tena kagua `timedatectl`: seva ikiwa kwenye UTC, `"02:00"` ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, na ukitaka saa nane usiku itabidi uandike `"23:00"`.

Haiwezekani kuwasha upya leo

Kuna kufunga hesabu, kuna mitihani, kuna siku ya mishahara. Kinachowezekana ni kupunguza njia za kuufikia mwanya, nacho kinategemea mwanya wenyewe. CVE-2024-1086, kwenye sehemu ya nf_tables, unamwezesha mtumiaji wa kawaida kuwa root, yaani mwenye mamlaka yote, na shambulio lake linalojulikana linahitaji aweze kujitengenezea eneo lake la watumiaji (user namespace). Mfungie:

```
# Debian na Ubuntu
sysctl -w kernel.unprivileged_userns_clone=0
# AlmaLinux na Rocky
sysctl -w user.max_user_namespaces=0
```

Yaandike pia ndani ya `/etc/sysctl.d/99-usalama.conf`, bila neno `sysctl -w`, ili yadumu. Madhara yake: Podman ya mtumiaji wa kawaida itagoma, na kivinjari kwenye mashine ya mezani kinaweza kulalamika. Kwenye seva ya hifadhidata hakuna atakayegundua.

Mwanya ukiwa kwenye moduli usiyoitumia, ifunge. Neno `blacklist` peke yake halitoshi, kwa kuwa linazuia kupakiwa kwa majina mbadala tu; programu ikiiita moduli kwa jina lake inaingia. Andika `install sctp /bin/false` kwenye faili la `/etc/modprobe.d/`, kwa mfano wa sctp. Kisha tazama `lsmod`: kama tayari imepakiwa, iondoe kwa `modprobe -r`. Na kama `modinfo -n` inajibu `(builtin)`, imo ndani ya kerneli yenyewe, hakuna cha kufunga.

Viraka hai, yaani Livepatch ya Ubuntu au kpatch kwa upande wa Red Hat, husaidia kweli, lakini haviwezi kuziba kila mwanya. Kumbuka pia kwamba `uname -r` haibadiliki navyo. Kagua kwa `canonical-livepatch status` au `kpatch list`. Vinakununulia muda wa kufika Jumamosi usiku. Zaidi ya hapo usivitegemee.

Umefanya yote, skana bado inalalamika

Skana nyingi zinasoma namba ya toleo na kulinganisha na namba ya kerneli asilia. Watengenezaji wa Debian, Ubuntu na AlmaLinux hawafuati namba hiyo kila mara. Mara nyingi huchukua kiraka na kukishonea kwenye kerneli yao ya zamani. Dirty Pipe tena: kwenye tawi la 5.10 asilia ulizibwa kwa 5.10.102, Debian ikauziba kwa 5.10.92-2. Skana ya kulinganisha namba itaona 92 ni ndogo kuliko 102 na kupiga kelele bure. Jibu la mkaguzi linatoka kwenye kumbukumbu ya kifurushi. AlmaLinux:

```
rpm -q --changelog kernel-core | grep CVE-2024-1086
```

Hakikisha jibu ni la toleo linaloendesha mashine, kwani rpm itasoma zote zilizosakinishwa. Kwa Debian na Ubuntu, kurasa zao za usalama zinataja kwa kila CVE toleo lililoziba. Mpe mkaguzi hilo pamoja na `uname -v`. Skana ikiruhusiwa kuingia kwenye seva kwa akaunti badala ya kuchungulia kutoka nje, malalamiko ya uongo hupungua sana.

Usishtuke pia na wingi. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe ndiyo hutoa namba za CVE, na hutoa karibu kwa kila kasoro iliyorekebishwa inayoweza kugusa usalama. Ripoti yenye mamia ya namba ni kawaida. Chambua kwa maswali mawili: moduli husika inatumika kwenye mashine hii? Na ni nani anaweza kuendesha programu humu? Seva ya chuo ambako wanafunzi wanaingia kwa SSH, mwanya wa mtumiaji wa kawaida kuwa root ni dharura ya leo. Seva yenye fundi mmoja na hifadhidata tu inaweza kusubiri usiku.

Kontena, VPS na prosesa

Kontena halina kerneli yake. `uname -r` ndani ya Docker au LXC ni ya mashine mwenyeji, na kusasisha taswira ya kontena hakuzibi chochote cha kerneli. Kwenye VPS, `systemd-detect-virt` ikijibu `lxc` au `openvz`, kerneli ni ya mwenye huduma. Mwandikie, ukitaja namba ya CVE na jibu la `uname -v`. Ikijibu `kvm`, ni kazi yako.

Mianya ya prosesa, ile ya ukoo wa Meltdown na Spectre wa Januari 2018, inasomwa hivi:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

`Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode` maana yake kerneli inajitahidi lakini prosesa haijapata programu yake. Sakinisha `intel-microcode` au `amd64-microcode`. Kwenye Debian 12 ongeza kwanza `non-free-firmware` kwenye orodha ya hazina. Kwenye kompyuta za mtumba zenye prosesa kuukuu, Intel huenda haijawahi kutoa chochote, na ujumbe hautaondoka. Ukiona `Vulnerable` karibu kila mstari, rudi kwenye `/proc/cmdline`: kuna mtu aliweka `mitigations=off` akitafuta kasi.

Kama mwanya ulishatumika

Kiraka hakimtoi aliyekwisha kuingia. Ukikuta mtumiaji mwingine mwenye UID 0 kwenye `/etc/passwd`, au `debsums -c` na `rpm -Va` zikitaja faili za `/usr/bin` zilizobadilika, usikimbilie kuwasha upya. Dirty Pipe, kwa mfano, hubadilisha nakala ya faili iliyo kwenye RAM, na badiliko laweza lisiandikwe kwenye diski. Ukizima, ushahidi umekwenda. Chomoa waya wa mtandao, acha umeme, hifadhi matokeo ya `ps auxf`, `ss -tanp` na `lsmod` kwenye flashi, toa taarifa kwa TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Baada ya hapo seva isakinishwe upya kutoka mwanzo, data irudishwe kutoka nakala ya kabla ya tukio, na nywila zote pamoja na funguo za SSH zilizopita kwenye mashine hiyo zibadilishwe, hata zile za seva nyingine.